Maswali ya wafuga nyuki: boksi la juu niliongeze lini?

Mwezi huu meseji nyingi zimeuliza kitu kimoja, mmoja anaulizia supa (yani boksi la juu la asali), mwingine mizinga ya viunzi (vijiti vya mbao vinavyopangwa juu nyuki wakaning'iniza masega), babu mmoja wa Sikonge anaulizia mizinga ya magogo, ila wote wanataka kujua nyuki wao wamebanwa au bado. Nimechukua matatu. La kwanza nitalijibu kwa kirefu kwasababu ndo linaloumiza watu wengi na mimi mwenyewe lilishaniumiza.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Manyoni, nina mizinga sita ya Langstroth, ile ya maboksi yenye fremu za mbao za kujengea masega, nimeiweka pembeni ya shamba la alizeti la mzee wangu, minne imeingia nyuki tangu mwezi wa kumi na moja. Aliyetuuzia mizinga alituambia tukiona tu nyuki wameingia tuweke na boksi la pili juu kabisa ili tusiwasumbue tena mpaka kuvuna. Nikafanya hivyo kwenye miwili. Sasa mmoja kati ya hiyo nyuki wameondoka wote, nimekuta utando kama wa buibui na viwavi weupe. Ile miwili ambayo sikuiwekea boksi la juu naona nyuki wanazidi tu na alizeti ndo zinaanza kuchanua. Niweke sasa hivi au nisubiri? Naogopa kurudia kosa.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana kwa mzinga ulioondoka. Usijilaumu, uliambiwa ukafanya, wengi tumeanza hivohivo. Mi mwaka wangu wa pili nilikuwa na kundi dogo limeingia halijafika hata fremu tano, nikaona nisihangaike kurudirudi porini nikaliwekea maboksi mawili juu kwa mpigo, tena fremu zake zina masega ya zamani nilifikiri nawasaidia. Nilivorudi baada ya wiki kama tano nafungua mfuniko nakuta utando umeshika fremu na fremu mpaka nikashindwa kuchomoa hata moja, viwavi wamelala kwenye vifereji walivyovitafuna kwenye mbao, chini kumejaa unga mweusi wa nta, na nyuki labda kumi na tano wanatembea tembea hawana mwelekeo. Malkia hakuna. Ile harufu mpaka leo naijua, ni harufu ya nta iliyooza.

Kilichotokea kwangu na nadhani hata kwako ni hiki. Majana, yani masega yenye mayai na watoto wa nyuki, yanataka joto la kama nyuzi 34 au 35 muda wote, usiku na mchana, na nyuki ndo wanaotengeneza hilo joto kwa miili yao. Joto linapanda juu kama moshi. Ukiwawekea boksi tupu juu wakati bado wachache ni sawa na kuondoa dari ya nyumba, usiku wa Manyoni unaujua ulivyo na upepo, basi wanakusanyika wote kwenye majana kuyafunika na kule pembeni na juu hakuna anayelinda. Nondo wa nta anaingia usiku anataga kwenye sega lisilo na mlinzi, mende wadogo nao wanapata kona zao, kundi linazidi kupungua mpaka siku moja wanaona bora waondoke. Na nyuki wetu hawa hawana subira, wale wa Ulaya wanaweza kung'ang'ania mzinga mbovu mwaka mzima, wa kwetu wakiona hapafai wanabeba malkia wao wanaenda. Inawezekana kulikuwa na sababu nyingine pia, sisimizi au ukame kidogo, ila nafasi iliyozidi peke yake inatosha.

Kwahiyo kabla hata ya kuongelea kuongeza, nenda kwenye ule mzinga wa pili uliouwekea boksi mapema ukalitoe kama nyuki hawajaanza kujenga huko juu. Wabaki na boksi moja, wajae.

Sasa hiyo miwili inayozidi. Usiangalie mlangoni ukaamua. Nyuki wengi mlangoni wanaweza kuwa wengi kwasababu ya joto, au mchana ule wadogo wanatoka kujifunza kuruka, au nyuki wa mzinga mwingine wamekuja kuiba asali. Lazima ufungue. Nenda jioni kama saa kumi na moja na nusu hivi jua likiwa limelala, vaa vizuri funga na gambuti, bomba la moshi liwe linatoa moshi mweupe wa baridi siyo cheche, pulizia mlangoni mara tatu subiri dakika moja mbili ndo uinue mfuniko. Kabla hujagusa fremu yoyote tazama kwa juu tu. Boksi lako lina fremu kumi, hesabu ni mianya mingapi kati ya fremu na fremu imejaa nyuki wanaochungulia. Ikiwa mitano au sita bado, funga rudi nyumbani. Ikiwa saba au nane hapo sasa endelea kuangalia.

Chomoa fremu ya pili kutoka ukutani, taratibu usiwabane. Ya katikati iache kwanza maana huko ndo kuna majana na malkia. Kama sega la hii ya pembeni limeshajengwa karibu lote na lina mbochi (yale maji matamu nyuki wanayotoa kwenye maua) au asali basi wamefika ukutani. Alafu angalia kitu ambacho wengi hawakiangalii, rangi ya nta kwenye vichwa vya masega pale juu karibu na mti wa fremu. Nta ya zamani ni kahawia, inakaribia rangi ya chai ya rangi. Mbochi inapoingia kwa wingi nyuki wanaanza kurefusha vitundu kwa nta mpya, na hiyo ni nyeupe peeee kama mshumaa uliotoka dukani, utaona kimstari cheupe juu ya sega la zamani. Wakati mwingine wanajenga mpaka visega vidogo juu ya fremu chini ya mfuniko. Ukiona huo weupe na nyuki wamefunika fremu saba nane, ongeza siku hiyohiyo, usiseme jumamosi.

Jaribio lingine, shika hiyo fremu ilale kidogo juu ya mzinga, itikise kidogo tu. Kama vitone vinadondoka kama maji ya sukari hiyo ni mbochi ya leo, ndo imeingia. Kama hakidondoki kitu na hakuna nta nyeupe basi hata kama nyuki ni wengi chakula hakiingii, na boksi tupu wakati wa njaa hawalijengi, kutengeneza nta kunawala asali nyingi sana.

Kwanini nasema usichelewe nako. Hapa ndo watu wanapokosea upande wa pili. Mbochi ikitoka kwenye ua sehemu kubwa ni maji, inaweza kufika asilimia 70 hata 80, asali iliyoiva maji yake hayatakiwi kuzidi asilimia 20. Hayo maji yote nyuki wanayakausha humo ndani kwa kuitandaza mbochi kidogo kidogo kwenye vitundu vingi na kupepea usiku kucha, ndo maana ukipita karibu na mzinga usiku alizeti zikiwa zimechanua unasikia mngurumo na harufu tamu inatoka mlangoni. Yani asali itakayojaza fremu tatu ikishaiva, ikiwa bado mbochi inataka fremu nyingi zaidi ya hizo za kuianikia. Wasipozipata wanaimwaga kwenye vitundu vya majana, kila mtoto akitoka tu kitundu kinajazwa mbochi, malkia anazunguka anatafuta pa kutaga hapaoni. Nyuki vibarua vijana ambao kazi yao ilikuwa kulisha watoto wanakosa kazi. Hapo ndo wanaanza kujenga vyumba vya malkia.

Na wakishaanza saa inakimbia. Malkia mpya anachukua kama siku 16 tangu yai, lakini chumba chake kinafunikwa kwenye siku ya nane au ya tisa, na malkia mzee mara nyingi anaondoka na nusu ya kundi kikishafunikwa tu kama hali ya hewa ni nzuri. Kwahiyo kipindi cha maua ukikaa wiki mbili bila kuangalia unaweza kukuta yameshaisha. Mimi alizeti zikichanua naangalia kila wiki, dakika tano kwa mzinga zinatosha, kuinua mfuniko kuhesabu kufunga. Ukikuta vikombe vidogo vitupu vinaning'inia chini ya sega usiogope, hivyo wanavijenga tu. Ukikuta kuna yai ndani au maziwa meupe, au chumba kimeshafunikwa kama karanga yenye ganda, kuongeza boksi hapo hakutawazuia tena. Hapo unagawa kundi mwenyewe kabla hawajajigawa.

Namna ya kuongeza. Usiweke boksi lenye fremu tupu kavu ukategemea wapande wenyewe, wengi wao wanaliona kama dari. Kama maboksi yako ni ya kimo kimoja chukua fremu mbili za pembeni zenye asali tu, hakikisha hazina majana wala malkia, uzipandishe katikati ya boksi la juu, na zile mbili tupu uziweke pembeni chini palipobaki wazi. Harufu ya asali yao inawapandisha siku ileile. Fremu nyingine zipake mstari wa nta iliyoyeyuka juu ili wajenge wima, wasije wakajenga mshazari ukashindwa kuvuna. Wavu wa kumzuia malkia mimi huwa siuweki siku ya kwanza, nawaacha wazoee kupanda wiki moja hivi ndo nauweka, na nikiuweka namtafuta malkia kwanza nihakikishe yuko chini, maana nishawahi kumfungia juu nikavuna majana. Kuna wenzangu hawautumii kabisa na wanapata asali, ila ukitaka masega masafi ya kuuza usiache.

Kitu kimoja kuhusu boksi la fundi wa mtaani. Huyo Langstroth alikuwa mchungaji Marekani, alipata hataza (hati ya haki ya mvumbuzi) ya mzinga wake mwaka 1852, na alichogundua ni kwamba nyuki wakiachiwa mwanya wa kama milimita 8 wanaupita tu kama njia, ukiwa mpana wanajenga sega, ukiwa mwembamba wanaziba na gundi. Sasa pima mwanya kati ya fremu za chini na za juu kabla hujalipa. Mimi fundi mmoja alinitengenezea boksi refu zaidi kwa sentimita mbili, nyuki wakaunganisha boksi la juu na la chini kwa sega moja, siku ya kuvuna nimeinua boksi zimepasuka fremu nne asali inamwagikia majana, nyuki wamekasirika mpaka mbwa wa jirani akakimbia.

Boksi la pili la juu unaweka kwa hesabu ileile, la kwanza likijaa nyuki fremu saba nane na nta nyeupe bado ipo na alizeti bado zimesimama. Zikishaanza kuinamisha vichwa na petali kukauka usiongeze tena hata kama wamejaa, subiri uvune.

SWALI: Habari yako mama. Niko Kitui, nina hive nne za viunzi, zile za KTBH (Kenya Top Bar Hive). Moja kila jioni nyuki wanatoka wanajishikilia nje mlangoni kama ndevu, wanalala huko. Jirani ameniambia hao wanataka kuhama niongeze nafasi haraka. Lakini hii hive haina boksi la juu, sasa nafasi naongeza aje? Na nitajuaje kama ni kweli wamejaa ama ni joto tu?

JIBU: Njema ndugu yangu wa Kitui. Swali lako la mwisho ndo la kwanza kujibu, na jibu lake ni kuamka mapema. Nenda saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijagusa mzinga. Kama ndevu imeisha wote wamerudi ndani basi ilikuwa joto, hawakuwa na shida ya nafasi, tafuta kivuli, weka nyasi juu ya bati la mfuniko na maji ya kunywa karibu. Kama asubuhi ya baridi bado wananing'inia nje basi ndani hawaenei kweli. Mimi kipimo hicho kimenisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Kwenye mzinga wa viunzi nafasi inaongezwa kwa ubavu. Mzinga wako unaingia viunzi kama 26 au zaidi, nyuki wanaanza upande wa mlango majana yanakaa huko na asali inasogea kwenda nyuma. Kama uliweka ubao wa kugawa basi kazi ni kuusogeza nyuma viunzi viwili vitatu kila wakijaza, usiutoe moja kwa moja. Kanuni niliyojiwekea ni kwamba nyuma ya sega la mwisho wawe na viunzi vitupu viwili, wakati wa maua mengi vitatu, ukikuta kimebaki kimoja sogeza.

Lakini kuna hali moja inadanganya. Unafungua kwa nyuma unakuta viunzi sita vitupu unasema nafasi ipo, kumbe mbele majana yamezibwa na ukuta wa masega mawili matatu ya asali iliyofunikwa na malkia haupiti. Nafasi ipo lakini yeye haioni. Dawa yake ingiza kiunzi kitupu kimoja chenye mstari wa nta kati ya sega la mwisho la majana na sega la kwanza la asali, kama kundi ni kubwa na usiku hakuna baridi unaweza kuweka kingine kati ya masega mawili ya majana yaliyonyooka. Yawe yamenyooka pande zote mbili, la sivyo wanakupindia. Baada ya siku chache utakuta wameshaning'inia kama mnyororo wa miguu wanajenga, na baada ya wiki mayai yamo. Hakikisha pia viunzi vyako vina upana wa milimita 32, hiyo ndo ya nyuki wetu, nimeona watu wanaiga ya Ulaya ya 35 alafu wanashangaa masega yanahama kiunzi.

Na kama mzinga mzima umejaa mpaka kiunzi cha mwisho nafasi unaipata kwa kisu. Vuna masega ya nyuma yaliyofunikwa robo tatu na zaidi, matatu manne, rudisha viunzi tupu, acha mengine wale. Huko kwenu mvua za vuli ndo za kutegemewa zaidi, migunga na vichaka vikichanua baada ya hapo unaweza kuvuna hivi kidogokidogo zaidi ya mara moja msimu mmoja na hawahami. Usiguse majana hata jirani akikwambia ni matamu.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mzee wa Sikonge, mjukuu ndiye ananiandikia. Mizinga yangu ni ya magogo, ipo juu ya miti huko porini tangu enzi za baba yangu. Kila mwaka baada ya kuvuna mengi yanahamwa. Hawa vijana wanasema mizinga yao wanaiongeza ukubwa. Gogo unaliongezaje?

JIBU: Shikamoo babu. Gogo haliongezeki, na mimi sitakwambia uyateremshe, hayo magogo yameulisha mkoa wa Tabora kabla sisi hatujajua boksi. Ila kuhama kwao baada ya kuvuna nahisi kunatokana na namna ya kuvuna. Nyuki wanajaza gogo upande mmoja majana upande mwingine asali, ukifungua pande zote mbili ukatoa kila kitu, au moto ukawa mkali, hawana kilichobaki cha kukilinda. Fungua upande mmoja tu, ule wenye asali, kata mpaka uone sega lina majana hata kidogo hapo simama, na sega moja la asali karibu na majana liache. Hiyo nusu uliyokata ndo nafasi yenyewe babu, watajenga upya humo.

La pili, usisubiri mpaka wamejaa. Nyinyi wazee mnajua kugonga gogo kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, panapoitika wazi hapana kitu panapoitika pazito pana sega. Likiitika pazito karibu mpaka mfuniko wa upande wa kuvunia na maua bado yapo, vuna kidogo wakati huohuo usingoje msimu.

La tatu, kubali kwamba wengine watagawanyika tu, basi wagawanyikie kwako. Kabla mti wa mtundu haujachanua, yani ule mwezi wa nane wa tisa kabla ya mvua, pandisha magogo mawili matatu matupu miti ya jirani, yakwangue ndani utando na uchafu wote, yapitishe kwenye moshi, alafu sugua nta na gundi ya nyuki ndani na mlangoni. Kundi linalotoka linatuma wapelelezi kwanza, wakinusa hapo paliwahi kukaliwa wanawaita wenzao. Mjukuu wako aandike tarehe uliyopandisha na tarehe walipoingia, gogo kwa gogo, anitumie.